Ramani ya Kumbukumbu Katika Draiva za Vifaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, iliyofanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya mezani inahamishiwa kwenye bodi ndogo yenye prosesa ya ARM na inagoma. Wanafunzi na mafundi wa Kisumu, Kakamega, Njoro na Nakuru mjini wanaleta tatizo hilo tena na tena, na chanzo chake karibu kila mara ni kimoja: msimbo umeamini kwamba anwani ni mali ya kifaa, ilhali ni mali ya bodi iliyokibeba.

Majibu yote hapa yanahusu Linux. Mfano utakaorudi mara kwa mara ni kipima kina cha maji kilichofungwa ufukweni Dunga. Tangu Ziwa Victoria lilipofurika mwaka 2020, hakuna anayehitaji kuelezwa huku kwa nini kifaa kama hicho kina maana.

## Misingi

1. Ramani ya kumbukumbu ni nini, na kwa nini inabadilika kati ya bodi na bodi?

Prosesa haijui poti ya mfululizo wala kadi ya mtandao. Inachojua ni namba za anwani. Aliyebuni chipu ndiye aliyeamua kwamba anwani za hapa hadi pale zielekee kwenye RAM, na zile nyingine zielekee kwenye rejista za kifaa fulani, yaani visehemu vyake ambavyo draiva husoma na kuandika ili kukiendesha. Mgawanyo huo ndio ramani ya kumbukumbu, na kila mbunifu ana wake.

Tuseme kipima kina chetu kinatuma vipimo kupitia chipu ya mfululizo ya aina ya 16550, ambayo imekuwepo tangu miaka ya 1980. Kwenye kompyuta ya x86, ile ya kawaida ya mezani, utaikuta kwenye poti 0x3F8. Kwenye bodi zenye chipu ya Allwinner H3, kama baadhi ya Orange Pi, iko 0x01C28000. Kwenye mashine ya RISC-V, aina nyingine ya prosesa, inayoigizwa na programu ya QEMU iko 0x10000000. Rejista ni zilezile na tabia ni ileile. Mahali pa kuzikuta ndipo panapotofautiana.

2. Nasikia kuna anwani halisi, anwani pepe na anwani ya basi. Si kitu kimoja?

Si kitu kimoja, na kuzichanganya ndiko kunakozaa matatizo mengi yaliyo kwenye ukurasa huu. Anwani pepe ndiyo inayotumiwa na msimbo wako ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux. Anwani halisi ndiyo inayotoka kwenye prosesa baada ya jedwali la kurasa kutafsiri. Anwani ya basi, yaani ya njia inayounganisha vifaa na prosesa, ndiyo inayoonwa na kifaa chenyewe kikitazama kutoka upande wake.

Nyumba moja pale Kondele ina namba ya ploti kwenye hati, ina namba ya mita ya stima, na ina maelekezo unayompa mwendesha boda. Zote zinaihusu nyumba ileile, lakini ukimpa mwendesha boda namba ya mita hafiki.

Kwenye kompyuta nyingi za zamani za x86 anwani halisi na anwani ya basi zilikuwa namba moja. Waliojifunza hapo walizoea kuzichukulia kama kitu kimoja, na mazoea hayo ndiyo yanayowaangusha kwenye ARM.

3. Mwongozo wa chipu ya Raspberry Pi unasema pini za GPIO, zile za kuunganishia vifaa vya nje, ziko 0x7E200000. Nikiitumia draiva inaanguka. Mwongozo umekosea?

Mwongozo uko sahihi, ila unakupa anwani ya basi. Upande wa prosesa, eneo la vifaa linaloanza 0x7E000000 kwenye basi linaonekana 0x20000000 kwenye Pi ya kwanza, 0x3F000000 kwenye Pi 2 na Pi 3, na 0xFE000000 kwenye Pi 4. Kwa hiyo GPIO ya Pi 3 iko 0x3F200000, na ya Pi 4 iko 0xFE200000.

Pi 5 imeenda mbali zaidi. Pini zake zinaendeshwa na chipu ya pembeni iitwayo RP1, iliyounganishwa na prosesa kuu kwa basi la PCIe (toleo jipya la PCI), na hata mpangilio wa rejista zake ni mwingine. Programu iliyoandikiwa Pi 3 kwa kushika rejista moja kwa moja haiwezi kufufuliwa hapo kwa kubadilisha namba moja.

4. Bodi yangu ni moja tu na sina mpango wa kuhama. Naweza kuandika anwani ndani ya msimbo?

Usiandike. Bodi huadimika madukani, bei hupanda, na siku ya kununua ya pili utapata toleo jingine. Jibu la swali la 3 linaonyesha kwamba hata ndani ya jina moja la bidhaa anwani zimebadilika mara kadhaa. Kuna sababu nyingine pia: anwani iliyoandikwa kwa mkono haisajiliwi na kerneli, kwa hiyo draiva mbili zinaweza kushika eneo moja bila yeyote kujua.

## Kupata anwani kwa njia sahihi

5. Kama siandiki anwani, draiva itaijuaje?

Itaiuliza kerneli, na kerneli ina njia zake za kujua. Kifaa cha PCI hujieleza chenyewe: kina rejista zinazotaja ukubwa wa eneo kinalohitaji, na mfumo unakigawia anwani wakati wa kuwaka. Kwenye bodi nyingi za ARM na RISC-V, ambako vifaa vya ndani ya chipu havina namna ya kujieleza, maelezo hukaa kwenye faili la mti wa vifaa. Kompyuta za x86 na seva nyingi za ARM hutumia majedwali ya ACPI.

Draiva ya kifaa cha ndani ya chipu haihitaji kujua maelezo yalitoka wapi kati ya hivyo viwili vya mwisho:

```c
base = devm_platform_ioremap_resource(pdev, 0);
if (IS_ERR(base))
        return PTR_ERR(base);

hali = readl(base + REJ_HALI);
```

Mstari wa kwanza unatafuta eneo la kwanza la kifaa, unalisajili kwa jina la draiva yako, unalipatia anwani pepe (hatua iitwayo `ioremap`), na utaliachia lenyewe draiva ikiondolewa. Kwa PCI kazi hiyo hufanywa na `pci_iomap` na ndugu zake. Ukitaka kuona nani ameshika wapi, soma `/proc/iomem` ukiwa root. Mtumiaji wa kawaida huonyeshwa sifuri tupu.

6. Naelewaje `reg`, `ranges` na `dma-ranges` kwenye mti wa vifaa?

`reg` hutaja eneo la kifaa kwa mtazamo wa basi lililo juu yake. `ranges` hueleza namna ya kutafsiri anwani hiyo hadi kufikia ile ya prosesa. Ndiyo maana kwenye faili za Raspberry Pi utaona vifaa vimeandikwa kwa 0x7E..., kisha `ranges` ya kila chipu ikaweka tofauti iliyoelezwa kwenye swali la 3.

`dma-ranges` huenda upande wa pili: kifaa kikitaka kufikia RAM chenyewe bila kupitia prosesa, yaani kwa DMA, kitumie anwani gani. Kwenye Pi 2 na Pi 3, RAM inayoanza sifuri kwa prosesa huonekana kuanzia 0xC0000000 kwa vifaa. Bafa, yaani eneo la RAM la kuwekea data, iliyoko 0x01000000 inatakiwa kuandikwa kwenye kifaa kama 0xC1000000. Usifanye hesabu hiyo mwenyewe. Swali la 12 linaeleza nani anaifanya.

7. `ioremap` inanirudishia pointa. Kwa nini nisiisome kama pointa ya kawaida ya C?

Kwa sababu kompaila inadhani nyuma ya pointa kuna kumbukumbu ya kawaida. Ina ruhusa ya kuunganisha uandishi wa mara mbili kuwa mmoja, kuugawa usomaji wa biti 32 kuwa wa mara nne wa baiti mojamoja, au kuruka usomaji inaoona hauna faida. Kwenye rejista, kusoma peke yake kunaweza kufuta alama ya hitilafu au kutoa baiti moja kwenye foleni. Neno `volatile` linazuia sehemu ya hayo, lakini halisemi lolote kuhusu mpangilio wa baiti wala utaratibu kati ya rejista na RAM.

`readl`, `writel` na wenzao wanabeba hayo yote, na kila aina ya prosesa ina toleo lake. Tangaza pointa yako kwa alama ya `__iomem`, kisha jenga kwa `make C=1` ili zana ya `sparse` ikuonyeshe kila mahali ulipoitumia vibaya. Vivyo hivyo usitumie `memcpy` kwenye eneo la kifaa. Kwenye ARM, `memcpy` inaweza kufanya usomaji usiolingana na mpaka wa neno, na eneo la kifaa halikubali. Tumia `memcpy_fromio` na `memcpy_toio`.

8. Kuna `inb` na kuna `readb`. Nichague ipi?

x86 ina nafasi ya pili ya anwani, ile ya poti, yenye poti 65,536 na maagizo yake maalum ya prosesa. ARM na RISC-V hazina nafasi hiyo. Kama kifaa chako kinaweza kukaa popote kati ya pawili, kipate kwa `pci_iomap` kisha ukisome kwa `ioread8`, `ioread32` na kadhalika. Hizo hutambua zenyewe ni poti au ni kumbukumbu.

9. Chipu yangu ni 16550 kabisa, anwani ni sahihi, lakini ni rejista ya kwanza tu inayojibu. Nini kimetokea?

Rejista zimeachana. Kwenye x86 rejista za 16550 hufuatana baiti kwa baiti: 0x3F8, 0x3F9, 0x3FA. Wabunifu wengi wa chipu za ARM huziweka kila baada ya baiti 4, na wengine hukataa kabisa usomaji wa chini ya biti 32. Mti wa vifaa una mahali pa kusema hivyo:

```
serial@1c28000 {
        compatible = "snps,dw-apb-uart";
        reg = <0x01c28000 0x400>;
        reg-shift = <2>;
        reg-io-width = <4>;
};
```

`reg-shift` ya 2 ina maana kwamba namba ya rejista inasogezwa biti 2, yaani inazidishwa kwa 4. Ukiandika draiva ya kifaa kinachoweza kupachikwa kwenye chipu za kampuni mbalimbali, weka hatua hiyo kama kigezo tangu siku ya kwanza. Maktaba ya `regmap` ndani ya kerneli ina nafasi ya vigezo hivyo, na naipendekeza kwa yeyote anayeanza draiva mpya yenye rejista nyingi.

## Baiti na utaratibu

10. Kina cha maji kinasomeka 0x34120000 badala ya 0x00001234. Kifaa kimeharibika?

Hakijaharibika, baiti zimegeuka. Prosesa za x86 huweka baiti ndogo mbele, na ARM ya Linux karibu kila mahali hufanya hivyo pia. Lakini kuna chipu za MIPS ndani ya ruta nyingi za bei nafuu zinazoweka baiti kubwa mbele.

`readl` huchukulia kwamba kifaa kinaweka baiti ndogo mbele, na hugeuza yenyewe prosesa ikiwa kinyume. Kwa hiyo tatizo hili hutokea kwa njia mbili: umesoma kwa pointa tupu, jambo lililokatazwa kwenye swali la 7, au kifaa chenyewe kinaweka kubwa mbele na ulitakiwa kutumia `ioread32be`. Kwa miundo iliyoko kwenye RAM inayosomwa na kifaa, tangaza sehemu zake kama `__le32` au `__be32` na utumie `cpu_to_le32` na `le32_to_cpu`. Usizungushe kwa `#ifdef` ya aina ya prosesa, kwa sababu jibu linategemea kifaa.

11. Nimejaza bafa kisha nikaandika rejista ya kuanza. Kifaa kinaanza kabla data haijafika. Vipi?

Prosesa za ARM, RISC-V na POWER zina uhuru mkubwa wa kupanga upya utaratibu wa kusoma na kuandika. x86 ni kali zaidi, na ndiyo maana kosa hujificha hapo kwa miaka. `writel` inahakikisha maandishi yako ya awali kwenye RAM ya DMA yameonekana kabla rejista haijaguswa. `writel_relaxed` haihakikishi hilo. Ukiiona kwenye msimbo ulioazima, jiulize kama aliyeiandika alikuwa na sababu.

Kwa foleni ya maelezo iliyoko kwenye RAM, yaani orodha ya kazi ambazo draiva inakipa kifaa, ambako kifaa huangalia biti ya umiliki inayosema kazi ni ya nani, weka `dma_wmb` kati ya kujaza sehemu nyingine na kuigeuza biti hiyo.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulichanganya na hili. Kwenye PCI, uandishi hutumwa bila kusubiri jibu, na unaweza kuwa bado njiani wakati msimbo wako umeshasonga mbele. Ukiandika rejista ya kuwasha upya kifaa kisha ukaita `udelay`, muda unaweza kuanza kuhesabiwa kabla amri haijafika. Soma rejista yoyote salama ya kifaa hichohicho baada ya kuandika, ndipo uhesabu muda.

## DMA

12. Naweza kukipa kifaa anwani niliyoipata kwa `virt_to_phys`?

Hapana. Hiyo ni anwani halisi, na kifaa kinahitaji anwani ya basi. Kwenye Pi 3 zinatofautiana kwa 0xC0000000, kama swali la 6 linavyoonyesha. Kwenye mashine yenye IOMMU, yaani kitengo kinachotafsiri anwani za vifaa, kama VT-d ya Intel au SMMU ya ARM, anwani ya basi inaweza kuwa namba isiyofanana na kitu chochote unachokijua.

`dma_alloc_coherent` hukupa pointa ya kwako na `dma_addr_t` ya kifaa kwa pamoja. `dma_map_single` hukupa ya kifaa kwa bafa uliyo nayo tayari. Namba hiyo ndiyo ya kuandika kwenye rejista. Angalia kila mara kwa `dma_mapping_error`, kwa sababu sifuri inaweza kuwa anwani halali.

13. Kwenye x86 vipimo ni sahihi. Kwenye ARM naona vipimo vya zamani, na mara nyingine mchanganyiko. Kwa nini?

Sababu ni kache, kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa. Kwenye x86, maunzi huhakikisha kwamba kifaa na prosesa wanaona data moja. Kwenye chipu nyingi za ARM na MIPS kifaa huandika kwenye RAM huku prosesa ikiendelea kusoma nakala yake ya zamani ndani ya kache. Kazi ya kuwalinganisha imeachiwa draiva.

Bafa dogo la kudumu, kama lile la foleni ya maelezo, litengeneze kwa `dma_alloc_coherent`. Bafa kubwa la data lipitishe kwa `dma_map_single` ukitaja mwelekeo sahihi, na likitumika tena na tena bila kuachiwa, liitie `dma_sync_single_for_cpu` kabla ya kusoma na `dma_sync_single_for_device` kabla ya kulirudisha. Kati ya miito hiyo miwili bafa ni la upande mmoja tu. Usilitazame likiwa la kifaa, hata kwa kuchapisha tu.

Ule mchanganyiko una sababu yake. Kache hufanya kazi kwa mistari, mara nyingi ya baiti 64. Kama bafa lako ni sehemu ya muundo mkubwa, na kihesabu fulani kinakaa kwenye mstari uleule, prosesa ikigusa kihesabu wakati kifaa kinaandika bafa, mmoja atafuta kazi ya mwenzake. Tenga bafa la DMA kwa `kmalloc` ya peke yake.

14. Naweza kutumia safu iliyo kwenye staki, au kumbukumbu ya `vmalloc`, kwa `dma_map_single`?

Hapana kwa zote mbili. `dma_map_single` inataka kumbukumbu inayofuatana kwenye RAM. Kurasa za `vmalloc` hazifuatani, na tangu kerneli 4.9 ya mwaka 2016 staki ya x86 nayo inaweza kuwa kwenye eneo hilo.

15. Bodi yenye GB 2 inafanya kazi. Yenye GB 8 inapoteza data. Draiva ni ileile.

Kifaa hakifiki mbali. Kama kina waya za anwani 32 tu, mwisho wake ni GB 4. Vifaa vya zamani vya ISA viliishia MB 16, na kidhibiti cha kawaida cha DMA cha Pi 4 hufikia GB 1 ya mwanzo tu. Lazima draiva iseme ukweli huo mapema, ndani ya `probe`, yaani sehemu yake inayoitwa kerneli inapoikabidhi kifaa:

```c
ret = dma_set_mask_and_coherent(dev, DMA_BIT_MASK(32));
if (ret)
        return ret;
```

Kerneli ikishajua mpaka, itachagua kumbukumbu iliyo karibu au itanakili kupitia bafa la kati liitwalo swiotlb, ambalo bila kubadilishwa ni la MB 64. Kunakili huko kunakula muda, kwa hiyo usitangaze mpaka mdogo kuliko ule kifaa kilicho nao.

## Kupima, na hali za pembeni

16. Sina fedha za kununua bodi za kila aina. Nitapimaje?

Huhitaji kununua. QEMU inaigiza mashine za ARM, RISC-V, POWER na MIPS bila malipo, na mashine yake ya Malta ya MIPS inayoweka baiti kubwa mbele ni kipimo kizuri cha kosa la swali la 10. Washa `CONFIG_DMA_API_DEBUG` kwenye kerneli ya majaribio. Italalamika kwa maneno kila utakaposahau kuachia bafa au kukosea mwelekeo, hata kwenye x86 ambako kosa halionekani. Jenga draiva kwa prosesa za biti 32 na 64 kabla ya kumpa mtu. QEMU haitakuonyesha matatizo ya kache ya swali la 13, kwa hiyo bodi moja halisi ya ARM, hata ya kuazima chuoni Maseno au Egerton, bado inahitajika.

Kwa anayelipia intaneti kwa bando: usivute historia nzima ya kerneli. `git clone --depth 1` huleta toleo la sasa tu.

17. Nikisoma anwani isiyo na kifaa, x86 inarudisha 0xFFFFFFFF, lakini bodi ya ARM inakufa kabisa. Ipi ni sahihi?

Zote zinafuata maumbile yake. Kwenye PCI ya x86, usomaji usiojibiwa hurudi ukiwa umejaa moja. Kwenye ARM unaweza kuleta hitilafu inayoangusha kerneli, au basi likasubiri bila mwisho. Kisababishi cha kawaida si anwani mbaya. Ni kifaa ambacho saa yake au umeme wake umezimwa. Washa kwa `clk_prepare_enable` na `pm_runtime_resume_and_get` kabla ya kugusa rejista ya kwanza. Kwa draiva za PCIe, thamani iliyojaa moja ichukuliwe kuwa dalili kwamba kifaa kimechomoka.

18. Programu yangu inayoomba eneo la rejista kwa `mmap` ilifanya kazi Pi 4, lakini Pi 5 inakataa kwa kosa la `EINVAL`.

Kerneli ya kawaida ya Raspberry Pi OS kwa Pi 5 hutumia kurasa za KB 16, si KB 4. ARM ya biti 64 inaruhusu 4, 16 na 64. Anwani uliyoomba haianzi kwenye mpaka wa ukurasa mpya. Uliza ukubwa kwa `sysconf(_SC_PAGESIZE)`, na ndani ya kerneli tumia `PAGE_SIZE` na `PAGE_ALIGN` badala ya 4096. Kumbuka pia kwamba ukurasa mkubwa unaweza kufunika rejista za kifaa cha jirani, kwa hiyo ukimpa mtumiaji ukurasa mzima umempa na vya jirani.

19. Rejista ya biti 64 inasoma vibaya kwenye kerneli ya biti 32. Nifanyeje?

Prosesa nyingi za biti 32 hazina njia ya kusoma biti 64 kwa mkupuo, hivyo `readq` huenda isiwepo kabisa. Faili `linux/io-64-nonatomic-lo-hi.h` huisoma kwa vipande viwili, nusu ya chini kwanza. Jingine la `hi-lo` huanza na ya juu. Mwongozo wa kifaa ndio unaosema ipi ianze, kwa sababu vifaa vingine hugandisha thamani unaposoma nusu fulani. Kama hakigandishi na ni kihesabu kinachokimbia, soma nusu ya juu, kisha ya chini, kisha ya juu tena, na urudie ikiwa ya juu imebadilika.